Kabla ya Chai: Namna ya Kumeza Dawa za Vidonda vya Tumbo

Umetoka hospitali na bahasha ya dawa. Ndani kuna omeprazole, na juu ya bahasha mtu kaandika "1x2" kwa mwandiko wa haraka. Unafika nyumbani, unaiweka juu ya friji, unakula. Tumbo likiwaka moto unameza kapsuli moja, likitulia unaacha. Wiki ya tatu unaanza kulalamika kwamba dawa haikusaidii.

Dawa haina kosa. Saa ndiyo inayokuponza. Omeprazole na ndugu zake si dawa za kutuliza moto wa sasa hivi. Ni dawa za ratiba, na ratiba yake huanza kabla ya chakula. Shika hilo kwanza, mengine tutakwenda nayo taratibu.

Majina ya dawa nitayaacha kama yalivyoandikwa kwenye boksi, ili ukifika dukani uyatambue. Ukiona jina la dawa ya tumbo linaishia na "-prazole" (omeprazole, esomeprazole, pantoprazole, lansoprazole, rabeprazole) jua ni ukoo mmoja, na mengi utakayosoma hapa yanawahusu wote.

Soma bahasha ukiwa bado dirishani

Namba ya kwanza ni idadi ya vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku. "1x2" ni kimoja asubuhi na kimoja jioni. "2x1" ni viwili kwa pamoja, mara moja tu kwa siku. Watu wanazichanganya hizi mbili kila leo.

Pembeni huenda kuna "14/7". Hizo ni siku 14. "4/52" ni wiki nne, na "1/12" ni mwezi mmoja. Hesabu vidonge ulivyopewa, uone kama vinatosha siku hizo. Kama havitoshi, uliza hapohapo. Usiione aibu foleni iliyo nyuma yako.

Swali la mwisho kabla ya kuondoka: "Hii ni kabla ya kula au baada ya kula?" Kwa omeprazole jibu ni kabla. Ukiambiwa "baada", rudia swali kwa upole.

Nusu saa inayofanya kazi yote

Meza dawa nusu saa hadi saa nzima kabla ya chakula, kwa glasi ya maji ya kawaida.

Sababu yake ni fupi. Dawa hii haipaki kidonda kama mafuta. Inapita tumboni bila kufunguka, inanyonywa kwenye utumbo mwembamba, kisha inarudi kwa njia ya damu hadi kwenye pampu ndogondogo zinazomwaga asidi. Pampu hizo huamka unapokula, na dawa hufunga pampu iliyo macho tu. Tena haikai kwenye damu muda mrefu. Kwa hiyo chakula kinapoingia, dawa iwe imeshafika.

Iweke karibu na mswaki wako. Ukiamka, meza, halafu endelea na kuoga, kuvaa na kuwaandaa watoto. Ukija kukaa mezani, nusu saa imeshapita bila kuihesabu.

Kuna watu saa 12 asubuhi wanakunywa chai ya rangi tupu, chakula chenyewe wanakuja kukila saa 4 kazini. Kama ni wewe, meza dawa saa 3 na nusu. Inayohesabika ni mlo wa kweli, si kikombe cha kupasha koo.

Mlinzi wa usiku, nesi wa zamu, dereva wa malori: sahau neno "asubuhi". Meza nusu saa kabla ya mlo wako wa kwanza baada ya kuamka, hata kama ni saa 10 jioni.

Ukiandikiwa mara mbili kwa siku, dozi ya pili ni kabla ya chakula cha jioni. Si wakati wa kulala. Ukiimeza ukiwa umeshakula na unavuta shuka, umeipoteza sehemu kubwa ya nguvu yake.

Meza nzima. Usitafune, usisage, usiivunje katikati. Ndani ya kapsuli kuna punje zilizovikwa ganda la kuzikinga na asidi ya tumbo. Ukizisaga, asidi inaziharibu kabla hazijafika zinakokwenda.

Kama kumeza ni shida, kapsuli nyingi za aina hii zinaweza kufunguliwa, punje zikamwagwa kwenye kijiko cha mtindi au juisi ya chungwa, zikamezwa palepale bila kutafunwa. Si kwenye maziwa, si kwenye uji wa moto. Muulize mfamasia kwanza, maana vidonge vya kubana haviko hivyo.

Ukisahau, meza ukikumbuka, nusu saa kabla ya mlo unaofuata. Kama muda wa dozi nyingine umekaribia, iache iliyopita iende zake. Usimeze mbili kufidia.

Siku ya kwanza usingoje muujiza. Dawa hizi huchukua siku tatu hadi tano kufikia nguvu yake kamili, kwa sababu kila siku zinafunga pampu nyingine zaidi. Mtu anayemeza leo, anaruka kesho, anarudi keshokutwa, hafiki huko kamwe.

Halafu kuna mtego wa pili, na huu unawanasa hata wasomi. Maumivu huondoka mapema kuliko kidonda kupona. Kidonda cha kwenye utumbo wa mwanzo, unaoanzia pale tumbo linapoishia, kwa kawaida hupewa wiki nne za dawa. Cha kwenye tumbo lenyewe huweza kupewa wiki nane. Wewe ukipata nafuu siku ya sita ukaacha, kidonda bado kiko wazi. Maliza dozi.

Kuhusu pale juu ya friji: pana joto. Jikoni kuna mvuke, bafuni kuna unyevu. Punje za omeprazole zinaharibika upesi zikipata unyevu. Ziache kwenye karatasi yake au kopo lake lenye kifuniko, kabatini chumbani. Ukipimiwa kapsuli za kumwaga kwenye kifuko, omba zilizo kwenye karatasi yake, na soma tarehe ya mwisho wa matumizi.

Dawa ya moto wa sasa hivi

Dawa ya maji nyeupe ya chupa na vidonge vya kutafuna vya magnesium au aluminium ndizo za dharura. Zinapunguza makali ya asidi iliyokwisha kumwagika, ndani ya dakika chache, halafu nguvu inaisha. Hazitibu kidonda. Zitumie kukuvusha siku zile za mwanzo, omeprazole ikiwa bado inajipanga.

Chupa itikise kwanza. Kidonge kitafune mpaka kiwe unga, usikimeze kizima. Wakati mzuri ni saa moja hadi tatu baada ya kula, na unapokwenda kulala.

Ziweke mbali na dawa zako nyingine, saa mbili kabla au saa mbili baada. Madini yaliyomo hushikana na dawa nyingine tumboni na kuzizuia zisiingie mwilini.

Kwa anayetumia ARV zenye dolutegravir, saa mbili hazitoshi pande zote. Meza ARV saa mbili kabla ya dawa hiyo ya tumbo, au subiri saa sita baada yake. Omeprazole haina ugomvi na dolutegravir. Lakini ina ugomvi na atazanavir na rilpivirine, kwa hiyo kama ARV zako zina moja ya hizo, rudi kliniki yako kabla ya kumeza kapsuli hata moja. Na usiache ARV kwa ajili ya tumbo.

Ukiona unaharisha, huenda ni magnesium. Ukikosa choo, huenda ni aluminium. Kubadili aina huwa kunatosha. Mwenye ugonjwa wa figo asizitumie bila kumuuliza daktari.

Ule unga unaotoa povu kwenye glasi unakufanya ubeue na ujisikie mwepesi. Una sodiamu nyingi. Kama una presha, usiufanye kinywaji cha kila jioni.

Ukikuta kopo la zamani la ranitidine kabatini, litoe. Nchi nyingi ziliiondoa sokoni mwaka 2020 baada ya kugundulika kuwa na uchafu wa kemikali uitwao NDMA, unaoshukiwa kusababisha saratani. Mrudishie mfamasia, muulize mbadala.

Na misoprostol: ni dawa halali ya kulinda tumbo la mtu anayelazimika kutumia dawa kali za maumivu, lakini huporomosha mimba. Mwanamke mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, asiiguse kwa ajili ya vidonda. Hii si dawa ya kuazimana.

Ukiwa na bakteria

Vidonda vingi vina vyanzo viwili: bakteria waitwao H. pylori, au dawa za maumivu. Tuanze na bakteria.

Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria hao makusudi ili kuonyesha kwamba ndio wanaoumiza tumbo. Aliugua kweli. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobeli. Ndiyo maana leo unapewa antibayotiki kwa ugonjwa ambao bibi zetu waliambiwa ni wa mawazo na pilipili.

Kwa hiyo usikubali kumeza omeprazole mwaka mzima bila kupimwa. Omba kipimo cha choo, au cha pumzi kama kipo. Kipimo cha damu kina kasoro moja kubwa: huonyesha "unao" hata miaka baada ya bakteria kufa, kwa hiyo hakikuambii kama umepona.

Kabla ya kipimo cha choo au cha pumzi, omeprazole inatakiwa kusimama wiki mbili na antibayotiki wiki nne, la sivyo bakteria wanajificha na majibu yanatoka "hakuna" ilhali wapo. Kwenye siku hizo, dawa ya maji ya chupa inaweza kukusaidia. Ila kama uliwahi kutokwa damu tumboni, usisimamishe chochote kabla daktari hajakuruhusu.

Wakikutwa, dozi utakayopewa itakutisha kwa wingi. Mfano mmoja unaotumika sana ni huu: omeprazole, amoxicillin gramu 1 na clarithromycin miligramu 500, vyote asubuhi na jioni, kwa siku 14. Gramu 1 ya amoxicillin ni kapsuli nne za miligramu 250, au mbili za 500. Ndiyo, nne kwa mkupuo. Mtoa dawa hajakosea. Asiyepatana na penisilini hupewa metronidazole badala ya amoxicillin, kwa hiyo taja mzio wako mapema. Daktari pia anaweza kukuandikia mchanganyiko mwingine kabisa, wenye dawa nne.

Panga hivi: omeprazole nusu saa kabla ya kula, antibayotiki mara tu baada ya kula. Tumbo litazipokea vizuri zaidi. Kama boksi lako lina maelekezo tofauti, fuata boksi.

Zipo paketi zilizopangwa tayari, kila siku na karatasi yake, asubuhi upande huu na jioni upande ule. Ni nzuri kwa mtu mwenye haraka. Angalia tu idadi ya siku. Paketi moja mara nyingi ni ya siku 7. Kama daktari aliandika 14, unahitaji mbili, na ni afadhali ununue zote kwa pamoja kuliko kukuta ya pili imeisha dukani katikati ya safari.

Mdomo utakuwa mchungu, kama umelamba sarafu. Hiyo ni clarithromycin, au metronidazole. Mkojo unaweza kuwa wa kahawia ukiwa kwenye metronidazole. Kuharisha kidogo pia ni kawaida. Hayo yavumilie. Usiyoyavumilia ni haya: upele mwili mzima, midomo au uso kuvimba, kifua kubana. Acha dawa, nenda hospitali sasa hivi. Na ukiharisha sana, au kwa damu, usijitibu mwenyewe.

Pombe iache. Ukiwa na metronidazole au tinidazole iache kabisa, na uongeze siku tatu baada ya kidonge cha mwisho. Kama kuna harusi katikati ya dozi, kunywa soda, cheza muziki.

Usiishie njiani. Bakteria walionusurika hujifunza kuishi na dawa hizo, na mara ya pili utahitaji dozi nyingine, ngumu zaidi na ghali zaidi. Ukitapika dozi moja au ukaruka siku, piga simu kituoni uulize, usiamue mwenyewe kwamba imeshaharibika.

Umemaliza? Subiri angalau wiki nne kisha upime tena, kwa utaratibu uleule wa kusimamisha omeprazole wiki mbili. Watu wengi wanakiruka kipimo hiki kwa sababu wanajisikia vizuri. Kujisikia vizuri hakuthibitishi kwamba bakteria wamekufa.

Adui aliyeko mfukoni

Unaweza kufuata ratiba ya omeprazole kwa uaminifu wote, kisha jioni ukameza diclofenac kwa ajili ya mgongo. Hapo unajenga huku unabomoa.

Diclofenac, ibuprofen, aspirin, naproxen, piroxicam, indomethacin: zote hizi hupunguza ute unaolinda ukuta wa tumbo. Fundi wa matofali, mkulima, mwenye nyonga mbovu, dada mwenye maumivu ya hedhi, mnazijua. Ukiwa na kidonda, ziache mpaka uzungumze na daktari.

"Basi nitachoma sindano, isipite tumboni." Hapana. Sindano ya diclofenac inaumiza tumbo vilevile, maana madhara yake makubwa hupitia kwenye damu. Na ya kuweka njia ya haja kubwa ni hivyohivyo.

Kwa maumivu ya kawaida na homa, paracetamol ndiyo chaguo lako. Haichimbi kidonda. Usizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye ini bovu au mnywaji wa pombe aulize kiwango chake.

Tatizo ni vidonge vya mchanganyiko. Vinauzwa kimoja kimoja hadi kwenye kibanda cha vocha, vina jina la biashara la kuvutia, na ndani kuna paracetamol pamoja na diclofenac au aspirin. Geuza karatasi, soma maandishi madogo. Kama karatasi imekatwa na maandishi hayaonekani, usinunue.

Kama unatumia aspirin ndogo ya miligramu 75 kwa ajili ya moyo au kiharusi, usiiache mwenyewe. Kuiacha ghafla kuna hatari yake. Mwambie daktari una vidonda. Anaweza kukuwekea omeprazole au pantoprazole ya kulinda tumbo huku aspirin ikiendelea.

Dawa nyingine unazotumia

Nenda na kifuko chenye dawa zako zote, au piga picha maboksi kwa simu. Usitegemee kumbukumbu.

Taja kwa jina hizi: clopidogrel (omeprazole na esomeprazole hupunguza nguvu yake, pantoprazole huwa afadhali), warfarin, phenytoin, digoxin, methotrexate, dawa ya tezi ya levothyroxine, na vidonge vya madini ya chuma. Chuma huhitaji asidi ili kiingie mwilini, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu asishangae damu ikichelewa kupanda.

Clarithromycin ni mgomvi zaidi. Haipatani na simvastatin ya kushusha lehemu. Na ukipata malaria katikati ya dozi, mwambie anayekutibu kwamba unaitumia kabla hajakupa dawa mseto au kwinini, kwa sababu zikikutana zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Mjamzito na anayenyonyesha: zipo dawa za tumbo zinazowafaa, ila uchaguzi aufanye mtaalamu wa kliniki, si shoga yako aliyepona.

Na yule anayeuza chupa ya mizizi kwenye basi? Sina haja ya kugombana naye. Ila hakuna anayejua kilichomo na kwa kipimo gani, kwa hiyo usiache dozi yako kwa ajili yake, na kama umeshakunywa, mwambie daktari bila kuficha.

Chakula, kwa ufupi

Pilipili na maharage havikukuletea kidonda. Kama vinakuumiza, viache kwa sasa; kama havikuumizi, kula. Kinachosumbua ni kukaa na njaa mchana kutwa halafu kujaza sahani saa 4 usiku na kulala hapohapo.

Maziwa yanatuliza dakika chache, kisha yanalichochea tumbo kumwaga asidi zaidi. Kunywa ukipenda, usiyafanye tiba.

Sigara huchelewesha kidonda kupona. Hapo sina njia ya mkato ya kukupa.

Mwezi wa Ramadhani ratiba inakubali vizuri kuliko watu wanavyodhani. Dozi moja kwa siku: amka mapema, meza, ule daku baada ya nusu saa. Dozi mbili: ya pili imeze jioni unapofungua kwa maji na tende, kaswali Magharibi, futari yenyewe ifuate. Dawa ya maji ya chupa isogeze usiku. Lakini kama kidonda ni kibichi au kimetoa damu karibuni, zungumza na daktari kabla ya kufunga. Mgonjwa ana ruhusa ya kulipa siku zake baadaye.

Ukifika wakati wa kuacha

Wiki zako zikiisha na daktari hajaongeza, acha. Omeprazole imekuwa rahisi kuipata kiasi kwamba wapo wanaoimeza kwa miaka bila mtu kuwauliza. Ikitumika muda mrefu sana inaweza kushusha vitamini B12 na magnesium mwilini, na kuongeza kidogo hatari ya mifupa kuvunjika na ya kuharisha kwa maambukizi. Si sababu ya kuiogopa wiki nne. Ni sababu ya kutoigeuza chumvi ya mezani.

Aliyeitumia miezi mingi akiacha ghafla anaweza kuwaka moto kuliko mwanzo kwa wiki kadhaa. Tumbo linarudisha asidi kwa hasira, si lazima kidonda kimerudi. Punguza taratibu: siku moja meza, siku moja ruka, na dawa ya maji ikae karibu. Baada ya wiki chache hali hutulia. Isipotulia, rudi ukapimwe.

Wapo wanaotakiwa kuendelea: aliyetokwa damu tumboni na bado anahitaji aspirin, mwenye baridi yabisi anayetumia dawa kali za maumivu. Kama uko kwenye kundi hilo, usiache kwa sababu umesoma mahali. Uliza.

Wakati dawa haitoshi

Ukimaliza wiki zako kwa ratiba sahihi na bado unaumia, usiongeze dozi mwenyewe. Unahitaji kuangaliwa kwa kamera ya tumboni. Hata bila kusubiri hapo, omba rufaa kama unakonda bila sababu, chakula kinakwama ukimeza, unatapika mara kwa mara, damu imepungua, au umri umepita miaka 55 na shida hii ni ngeni kwako. Omeprazole inaweza kutuliza maumivu ya saratani ya tumbo kwa muda, na muda huo ndio unaohitajika kwenye tiba.

Maumivu ya chembe cha moyo yanayokuja na jasho jembamba, kukosa pumzi, au kusambaa kwenye taya na mkono, usiyaite kiungulia. Huo unaweza kuwa moyo.

Ukitapika damu au kitu cheusi kama machicha ya kahawa, ukipata choo cheusi kinachonata kama lami chenye harufu kali, au maumivu makali ya ghafla na tumbo kuwa gumu, usitafute chupa ya dawa wala duka la jirani. Vidonge vya chuma na dawa ya tumbo iitwayo bismuth hufanya choo kiwe cheusi pia, lakini kama huna uhakika, chukulia ni damu. Usile, usinywe, usijiendeshe mwenyewe. Amsha mtu akupeleke hospitali usiku huohuo.